Mzee Andendekisye Amkabidhi Jiko Mkwe Asiyeonana Naye

Mzee Andendekisye Mwaisumo, mpishi mkuu wa shule yetu ya bweni, anafunga kazi Ijumaa tarehe 12 Desemba 1958, baada ya kututumikia miaka ishirini na saba na miezi kumi. Aliingia jikoni Februari 1931, shule ikiwa na wanafunzi thelathini na wanne na masufuria mawili, moja likivuja. Leo anaacha wanafunzi mia moja na themanini, masufuria tisa mazima, na jiko la matofali alilolijenga kwa mikono yake, likizo moja, bila kuagizwa na mtu.

Mwalimu Mkuu ameniomba mimi, mtunza stoo, niandike habari zake, kwa kuwa stoo yangu na jiko lake vimepakana. Elimu yangu ni ya darasa la nne. Msomaji akikuta mahali nimejikwaa, na anivumilie, maana ninayoyaandika nimeyaona kwa macho au nimeyasikia kwa masikio yangu.

Mzee Andendekisye alizaliwa Rungwe, karibu na Tukuyu, mahali ambapo mtoto akilia hupewa ndizi. Alijifunza upishi kwa wamisionari, akaja huku kwetu Mufindi kwa miguu, siku tisa, na kitanda cha kukunja kichwani. Jioni ya kwanza aliwapikia wanafunzi ndizi za kuchemsha na maziwa ya mgando, akitaka kuwafurahisha. Watoto wa Kihehe walikula zote, wakashukuru, kisha wakakaa pale pale. Alipowauliza wanangoja nini, mmoja akamjibu kwa adabu, "Tunangoja chakula, Baba." Mpaka leo husimulia habari hiyo na kucheka hadi anashika ubavu. Tangu siku hiyo ugali haukukosekana, ila kila Jumamosi meza moja ilipewa zamu ya kuchagua chakula cha shule nzima. Wanyakyusa walichagua ndizi, watoto wa Usangu walichagua wali, Wabena walitaka viazi na njegere, na watoto wa hapa Igowole walichagua ugali wa ulezi na mboga ya maboga iliyotiwa karanga. Alikuwa akisema mtoto aliyekula cha kwao Jumamosi hatoroki Jumapili. Na kweli, waliotoroka walikuwa wachache.

Miaka ya vita sukari ilipotea, chumvi ikawa ya kutafutwa. Mzee aliupika uji wa asubuhi kwa ulezi ulioota ili upate utamu wake wenyewe, na watoto hawakuambiwa lolote. Mkaguzi mmoja aliyepita alituuliza tunapata wapi sukari nyingi namna ile. Tulishindwa kumjibu kwa kucheka.

Wengi wanakumbuka safari ya kwaya kwenda Iringa, mwaka 1949. Lori lilikwama kwenye matope karibu na Nyololo, tukakaa pale siku mbili, watu arobaini na watatu pamoja na dereva, mvua ikitunyeshea. Mzee alitafuta mafiga matatu, akatandika turubai juu ya matawi, akawasha moto kwa magome ya miwati yaliyolowa. Sijui aliwezaje. Unga ulikuwapo, mboga haikuwapo. Mama mmoja wa hapo, jina lake Verediana, akatuletea kapu la uyoga wa porini. Mzee aliutazama ule uyoga kama mtu anayetazama nyoka. Kwao Rungwe uyoga wake anaufahamu, huu wa Mufindi hakuufahamu. Akasema, "Dada, mimi sili uyoga ambao simjui mama yake." Verediana akacheka, akachukua mmoja, akauchoma motoni, akautafuna mbele yake. Mzee akamkazia macho muda mrefu. Akamwambia, "Bado. Ngoja kidogo, nikuangalie." Yule mama akakaa hapo akisubiri kufa ili atupe ruhusa ya kula, na kwaya ikiimba. Hakufa. Tulikula, na tangu hapo Verediana hutuletea uyoga kila masika. Wa kwanza anaula mwenyewe mlangoni, kwa mzaha.

Sasa nije kwenye jambo la mwaka huu, ambalo ndilo lililotupa sisi watumishi wasiwasi mwingi na furaha nyingi.

Februari, Mzee alimwambia Mwalimu Mkuu kwamba macho yake hayavumilii tena moshi, lakini hataondoka mpaka apatikane mtu wa kushika jiko, hata akingoja miaka mitatu. Walijaribiwa wawili. Wa kwanza, Asukile, kijana mwema na mwimbaji, aliunguza uji siku nne katika wiki moja kwa sababu ya kuimba. Wa pili alipika vizuri sana Jumatatu na Jumanne, na Jumatano pombe ya ulanzi ikamshinda, tukamkuta amelala kwenye kuni. Halmashauri ya shule ikaanza kusema jiko lifungwe, kila mwanafunzi aje na unga wake, wajipikie chini ya miti kwa makundi ya kumi kumi, kama shule nyingine za zamani. Tuliosikia tulijua maana yake. Watoto wa mbali, wa Usangu na wa Rungwe, wasingerudi muhula unaofuata.

Ndipo Esta alipojitokeza. Esta ni mke wa Lutengano, mtoto wa Mzee Andendekisye, aliyekuwa seremala wetu. Mwaka jana Lutengano alianguka kutoka paa la bweni, akavunjika nyonga, na mpaka leo hawezi kupanda ngazi wala kubeba ubao. Nyumba wanayokaa na watoto wao watatu ni nyumba ya shule, ya mtumishi. Kama mmoja wao asingepata kazi kufikia mwisho wa mwaka, ingebidi waiache, na kule Rungwe mashamba yamebanana, hapana hata kipande cha kuwapa. Esta alimwendea Mwalimu Mkuu na mtoto mgongoni, akasema anaomba jiko.

Mwalimu Mkuu alifurahi, akasema hapana shida, baba mkwe wake atamfundisha. Sisi tunaowajua Wanyakyusa tukatazamana. Kwa desturi yao mke wa mtoto haonani na baba mkwe wake. Hamtazami usoni, hasemi naye, wakikutana njiani yeye hukata porini. Si ugomvi, ni heshima, na kadiri anavyompenda ndivyo anavyojificha zaidi. Mzee na Esta walikuwa wamekaa uwanja mmoja miaka minane, na Mzee hakujua kama mkwe wake ni mweupe au mweusi. Mchungaji wetu aliwaita wote wawili, kila mmoja na siku yake, akawaeleza kwamba kanisa haliwafungi kwa jambo hilo. Mzee akamjibu, "Mchungaji, najua si dhambi. Lakini ile ni heshima yake aliyonipa, siwezi kumvua." Na Esta, siku yake, akajibu maneno karibu yale yale.

Basi likatafutwa la kufanya. Jiko letu ni refu, na katikati lina ukuta wa mianzi: upande mmoja ni moto, upande mwingine ni wa kuchambulia na kukatia mboga, na kila upande una mlango wake. Walikubaliana kwamba Esta akiwa kwenye moto, Mzee atakaa upande wa mboga. Tangu Mei tulianza kusikia maajabu. Mzee hakusema na Esta hata siku moja. Alisema na masufuria. Anakaa na kisu chake, anakata figiri, na anasema kwa sauti ya kuhubiri, "Wewe sufuria la maharage, sikiliza. Usikubali kutiwa chumvi kabla hujalainika, utakuwa gumu mpaka kesho." Upande wa pili kifuniko kinagonga mara moja, yaani imesikika. Kikigonga mara mbili, Mzee anarudia. Siku moja alilikaripia sufuria la ugali karibu robo saa, "Unakuwaje na madonge, wewe, mtu mzima?" na kifuniko kikagonga kwa hasira mara moja, kwa nguvu, hata Mzee akaweka kisu chini, akasema polepole, "Haya. Tumeelewana." Wanafunzi walikuwa wakipita nje makusudi wasikie.

Mafunzo yalikwenda vizuri ila kwa jambo moja. Chumvi. Leo maharage yanatoa machozi, kesho yamepoa kama maji ya mto. Wanafunzi wakaanza kunong'ona. Mzee aliyasemesha masufuria habari ya chumvi mpaka akakauka koo, kifuniko kinagonga, na keshoye ni vile vile. Mwalimu Mkuu akaniuliza mimi, na hapa nakiri kosa langu mbele ya wote. Nilisema Esta ana bidii yote, lakini Mungu hakumpa ulimi wa kuonjea. Kauli hiyo ilifika kwenye halmashauri. Wakaamua kwamba Sikukuu ya Mavuno, Jumapili ya pili ya Agosti, Esta apike peke yake kwa ajili ya wazazi na wageni mia mbili na arobaini, Mzee asiwe jikoni. Mambo yakiharibika, jiko linafungwa na nyumba inarudi kwa shule.

Nilikwenda kwa Mama Tusekile, mke wa Mzee, kumpa pole mapema, kama mtu mjinga. Alikuwa anapura maharage uani. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mzee Kalinga," akaniuliza, "mle jikoni mna pawa ngapi za kuonjea?"

Nikamwambia uko mmoja, ule wa mti, wa Mzee, wa tangu zamani.

Akaiacha fimbo yake ya kupuria, akashika kiuno. "Na ninyi watu wa stoo mnahesabu kila kitu! Huo upawa umeingia kinywani mwa baba mkwe wake miaka ishirini na saba. Unataka mtoto wa watu autie kinywani mwake? Haonji, Kalinga! Tangu aanze haonji. Anakadiria kwa macho!"

"Mbona hakusema?"

"Amwambie nani? Akuambie wewe kwamba anaona haya kuonjea kijiko cha mkwewe? Aliambie sufuria?"

Nilisimama pale nikitafuta pa kuweka uso wangu. Zaidi ya miezi miwili mama huyo alikuwa amewapikia watu karibu mia mbili, mara tatu kwa siku, bila kuonja hata tone, na mara nyingi alipatia! Nami nilikuwa nimemsema kwamba hana ulimi. Nilikwenda moja kwa moja kwa Lutengano, naye akiwa ameketi kitini na mguu wake mbovu akachonga upawa mpya wa mti wa mkuyu kabla ya jua kuzama. Nilipompelekea Esta aliugeuza geuza, akaninyooshea mkono wa shukrani na kusema, "Ndaga, Baba." Jioni ile maharage yalikuwa maharage. Wanafunzi walipiga makofi mezani, na Mzee, upande wake wa mianzi, aliacha kukata mboga akasikiliza. Nilipomweleza habari ya upawa alijifunika uso kwa kofia. Sikujua kama anacheka au analia, na sikumwuliza.

Lakini upawa haukuondoa mtihani. Jumamosi kabla ya sikukuu Esta aliwasha moto nje, majiko saba ya mafiga kwenye uwanja wa nyuma, akisaidiwa na Mama Yudith anayefagia mabweni. Mzee alikatazwa kukaribia. Siku nzima alizunguka uwanja wa mpira kama mlinzi, akinusa moshi. Kila nilipopita aliniletea taarifa: "Kuni zile za pili ni mbichi." "Nyama sasa inakaribia." "Maharage yameshuka." Hakuona kitu, alinusa tu, na kila alilosema nikienda kutazama nilikuta ni hivyo.

Jumapili ibada ilikuwa ndefu na nzuri. Tulipotoka kanisani tukasikia lori. Kwaya ya usharika jirani, ambayo ilikuwa imetuma barua kwamba haiwezi kuja, imekuja. Wakashuka wakiimba, wanaume, wanawake, watoto, na kikapu kimoja tu cha mahindi kama zawadi. Nikawahesabu, wakawa sitini na wawili. Chakula kilikuwa cha mia mbili na arobaini, na wazazi walikuwa wamekwisha kaa.

Nilimwona Mzee Andendekisye anakuja mbio kutoka uwanja wa mpira, kofia mkononi. Alifika kwenye kona ya mabweni, hatua thelathini toka kwenye moto wa Esta, akasimama. Akiingia, Esta angeacha kila kitu na kukimbia kujificha, na wote wangesema hawezi. Asipoingia, watu sitini wangekaa njaa mbele ya halmashauri. Aliniita.

"Wamekuja wangapi?"

"Sitini na wawili, Baba."

Akakaa chini juu ya jiwe, na kofia juu ya magoti. "Kalinga, niombee," akasema. "Nikiomba mimi nitaomba niende."

Niliomba kwa maneno machache, maana nilisikia Mama Yudith ananiita kutoka stoo. Esta amemtuma. Anataka viazi magunia mawili, njegere zote zilizobaki, na wasichana kumi wa darasa la saba wenye visu. Nikawatoa. Nilipochungulia uwanja wa nyuma Esta alikuwa amefunga kanga kiunoni, amesimama kati ya mafiga. Alikuwa amechukua mchuzi wa nyama wote, akaugawa katika masufuria matatu, na viazi vikamenywa na kutumbukizwa humo humo pamoja na njegere na vitunguu. Hakupunguza nyama za wazazi wala hakuongeza maji. Aliagiza wageni wapya wapelekewe kwanza mahindi ya kuchoma, yale yale waliyoyaleta, ili wawe na kitu mkononi. Mwenyekiti wa halmashauri alitafuna muhindi wake akisema hajaona sherehe iliyopangwa vizuri namna hii.

Vile viazi vilipotoka, watu wazima walisimama mara ya pili na sahani. Mchungaji alikula mara tatu, nami nina haki ya kulisema kwa kuwa nilikuwa nyuma yake. Mama Yudith akapeleka sahani moja kwa Mzee pale pale kwenye jiwe. Mzee alikula kiazi kimoja. Akala cha pili. Akavimaliza vyote, akaniambia kwa sauti ya chini, "Kalinga, hivi viazi mimi sijavifundisha."

Niliogopa. Nilidhani ameona kosa. Nikaanza kumtetea Esta, kwamba wageni walikuja ghafla, kwamba hapakuwa na njia nyingine. Mzee akanikatiza.

"Husikii? Nasema hivi havikutoka kwangu. Havikutoka kwa sufuria lolote nililosema nalo. Amevitoa kichwani mwake." Akacheka kicheko ambacho sijakisikia toka kwake siku zote nilizomjua, akaninyooshea sahani tupu. "Basi mimi nimekwisha maliza kazi. Nenda kamwambie Mwalimu Mkuu asihangaike tena kutafuta, na asinipe miaka mitatu. Naondoka mwisho wa mwaka huu."

Jambo hilo ndilo lililotufikisha kwenye tarehe 12 Desemba. Halmashauri ilikaa Jumatatu, na bila kubishana sana ikamwandika Esta mpishi mkuu wa shule kuanzia muhula wa Januari 1959. Nyumba inabaki kwa Lutengano na watoto wao watatu. Lutengano amepewa kazi ya kutengeneza samani akiwa amekaa. Watoto wa Usangu na wa Rungwe wameambiwa warudi bila unga.

Kwa niaba ya watumishi wote, wanafunzi wa sasa na wale waliokwisha kuwa walimu, makarani na wachungaji toka Mbeya hadi Iringa, tunamshukuru Mzee Andendekisye kwa kila mlo. Tunamshukuru Mama Tusekile kwa kutukopesha mumewe. Tunamshukuru Mungu aliyemleta huku kwa miguu.

Ijumaa ya tarehe 12, baada ya sala ya saa sita, itakuwapo karamu ya kumuaga. Wageni wanaombwa kukaa kwenye uwanja wa mbele, Mzee ataketi barazani kwa Mwalimu Mkuu, na Esta atakuwa upande wa nyuma na moto wake. Sisi tutapita katikati tukibeba sahani, na kila mmoja atapata heshima yake.

Katika miaka yote hiyo hapana hata mmoja wetu aliyemwona mtu huyu akila ameketi mezani. Siku hiyo atawekewa kiti, na hatainuka mpaka ashibe. Nenda Rungwe salama, Baba. Mungu akujalie siku nyingi, na kila mojawapo ukute chakula kimekwisha pikwa na mtu mwingine.

Mika Kalinga
Mtunza stoo